Bi Kidole na Mstari wa Nne

Hebu mchore kichwani mwako, anaingia. Ni Ijumaa, saa moja kasoro dakika saba asubuhi. Lango la chuma la kiwanda cha chapa cha serikali limefunguliwa ubavu mmoja tu, na mlinzi bado anapigana na miayo. Anakuja mwanamke wa makamo, mfupi, mnene kiasi cha kukijaza kiti bila kukionea. Miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na viatu vyake vya raba havitoi sauti. Begani ana mfuko wa nguo, na ndani yake mna chupa ya chai, mto mdogo wa kukalia na rula ya mbao iliyolika pembe. Haendi mbio wala hajikokoti. Anatembea kama mtu anayejua kwamba chumba hakifunguki mpaka afike yeye, maana ufunguo anao yeye.

"Leo umechelewa, Bi Kidole," mlinzi anamchokoza, kama anavyomchokoza kila siku.

"Saa yako ndiyo imewahi, baba. Irudishe ikalale."

Jina hilo la Kidole hakupewa na mamake. Alibandikwa na mafundi wa mtambo, na sababu utaiona sasa hivi. Kazi yake ni msomaji prufu. Pengine humjui msomaji prufu ni mtu gani, na si kosa lako. Akiifanya kazi yake vizuri hakuna anayemjua. Kabla karatasi haijachapwa nakala elfu, huchapwa moja ya majaribio. Hiyo ndiyo prufu. Bi Kidole huisoma mstari kwa mstari, akatafuta kilichokosewa, akakitia alama pembeni. Na karatasi zenyewe si za mpira wala za udaku. Ni Gazeti la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa, ambalo watu hawalinunui wala hawalifungii vitumbua, lakini bila lenyewe sheria si sheria na mteule si mteule. Waziri anaweza kushangiliwa uwanjani mpaka watu wakaukwe na koo. Jina lake lisipotokea mle, bado ni raia mwenzako.

Kusoma huko hakufanywi na mtu mmoja. Wako wawili. Mmoja anashika nakala ya asili, ile iliyotoka kwa mwenyewe, na kuisoma kwa sauti kila kilichomo, pamoja na nukta na mkato. Mwingine anasikiliza huku jicho likifuata prufu. Mwenzake Bi Kidole kwa miaka ishirini na sita ni mzee mmoja mwembamba mwenye sauti ya kengele, na kiwandani wanamwita Kasuku. Kasoma kwa sauti muda mrefu hivyo hata mazungumzo yake yameharibika. Akikasirika utamsikia, "Sitaki mchezo, nukta. Mstari mpya."

Sasa hicho kidole. Kila notisi inapotaja kifungu cha sheria, wasomaji wengine huamini kilichoandikwa na kuendelea. Bi Kidole huinuka, akalivuta buku la sheria rafuni, akafungua, akaweka kidole juu ya kifungu chenyewe, na hakiondoi mpaka Kasuku amalize. Mafundi walicheka, wakachoka kucheka, wakazoea. Yule aliyemfundisha kazi alimwachia amri mbili. Ya kwanza: kichwa husahau, kidole hakisahau. Ya pili ilikuwa amri ya nyumba nzima, imepakwa rangi ukutani juu ya mtambo tangu enzi za watu ambao sasa ni picha tu: *Swali lisilojibiwa halipandi mtamboni.* Msomaji hana mamlaka ya kubadili neno la mtu, hata neno moja. Anachoweza ni kuandika swali pembeni kwa kalamu nyekundu. Mwenye notisi akilijibu kwa maandishi, wasomaji wawili wanatia herufi za majina yao pale chini, na karatasi inakwenda mtamboni. Asipojibu, inangoja. Hata iwe ya nani.

Wiki hiyo nchi nzima ilikuwa na habari moja mdomoni. Rais na Mkuu wa Idara ya Ujasusi walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wengine walisema Mkuu kakataa kumpa Rais majalada ya wapinzani wake. Wengine wakasema la, huyo Mkuu ndiye aliyekuwa akisikiliza simu za mawaziri. Wabunge nao wakagawanyika, nusu huku nusu kule, kila mtu na koo lake. Jumatano Rais akatangaza redioni kwamba kamwondoa Mkuu na kamweka mwingine. Alhamisi asubuhi Mkuu aliyeondolewa akaenda kazini kama kawaida, akasema hajaondolewa kisheria. Mteule mpya naye akafika. Ofisi moja, wakuu wawili, na inasemekana magari yao mawili yalisukumana kwenye nafasi moja ya kuegesha mpaka taa zikavunjika.

Nyumbani kwa Bi Kidole jioni ile, mezani, shemeji yake ndiye aliyeshika usukani. Huyu ni mdogo wa mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, na aliyebadili lori kwa siasa.

"Rais ni Rais!" akasema, akigonga meza. "Akisema toka, unatoka. Habari ya Bunge inaingiaje hapo?"

"Na akisema mvua inyeshe, shemeji?"

"Wewe nawe! Mvua haina mshahara wa serikali."

Mumewe Bi Kidole, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, akatafuna, akameza. "Mteja akiniambia nifunge jokofu bila kutia gesi, nafunga," akasema. "Ni jokofu lake. Lakini halitapoa."

Shemeji akaomba aongezewe mchuzi.

Bi Kidole alicheka pamoja nao, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Kiti cha Msomaji Mkuu kilikuwa wazi tangu mwenyewe astaafu. Ni kiti chenye mikono, kimekaa dirishani penye mwanga, na anayekikalia ndiye anayefundisha wasomaji wapya. Jumanne ile Mpiga Chapa Mkuu, bwana mkubwa wa kiwanda, alikuwa amemwita pembeni. "Mama, barua yako ni Jumatatu," alimwambia. "Sharti unalijua, kosa lisiwepo. Nimelifungua Daftari la Makosa. Ukurasa wako mweupe kama sahani." Miaka thelathini na mmoja ya kazi, na ukurasa mweupe. Hakuwa mtu wa kujigamba, ila njiani kurudi nyumbani siku hiyo alijikuta anaimba.

Basi turudi Ijumaa.

Saa tatu notisi ikafika. Haikuletwa na tarishi wa pikipiki kama nyingine. Ililetwa na bwana mmoja kutoka Ikulu, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi mwembamba uliokumbatiwa kama mtoto mgonjwa. Kabla hajafika juu ya ngazi mafundi walikwisha mpa jina: Bwana Mkoba. Akapelekwa chumbani kwa Mpiga Chapa Mkuu, akapewa chai. Notisi ikapangwa, prufu ikatoka, ikashuka chumba cha wasomaji ingali na joto.

Kasuku akasafisha koo. "Notisi ya Serikali, namba mia tatu na kumi na mbili, nukta, mstari mpya. Herufi kubwa zote, uteuzi wa Mkuu wa Idara ya Ujasusi, mstari mpya..."

Jina la mteule likapita. Tarehe ya kuanza kazi ikapita. Kifungu cha sheria kikatajwa, Bi Kidole akainuka, buku likashuka, kidole kikakaa. Kifungu kilisema wazi: Rais atamteua mkuu wa idara baada ya Bunge kumridhia, na notisi itaandikwa kwa mfano uliomo mwisho wa sheria. Akafungua mwishoni. Mfano ulikuwa na mistari minne. Jina, tarehe, kifungu, na wa nne, namba ya azimio la Bunge na siku lilipopitishwa.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza," Kasuku akasema. "Chini ni sahihi ya Rais."

"Mstari wa nne?"

Kasuku akaigeuza nakala nyuma, akaigeuza mbele, akaitazama kwenye mwanga kama noti. "Haupo, dada. Mkato. Hapa pana balaa. Nukta."

Bi Kidole akachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni, kwa mwandiko wake uleule wa kila siku: *Swali: Azimio la Bunge ni namba ngapi, la tarehe gani?* Kisha akachukua prufu na buku la sheria, akapanda ngazi.

Bwana Mkoba alilisoma lile swali mara mbili. Alikuwa kijana bado, na mpole kuliko alivyotazamiwa. "Dada yangu," akasema, "wewe kazi hii ulipewa na nani?"

"Na tume ya ajira."

"Rais kapewa na wananchi."

"Ndiyo. Hata kura yangu imo."

"Sasa karani anamkatalia Rais?"

"Sijakataa, bwana. Msomaji hana mamlaka ya kukataa. Nimeuliza tu."

"Anamwuliza Rais!"

"Namwuliza aliyetia sahihi notisi. Na sheria hii nayo," akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole, "ina sahihi ya mtu yuleyule. Hii hapa. Akiitia alijua ina mistari minne."

Mpiga Chapa Mkuu akainamia kikombe ghafla, kana kwamba chai imeingia nzi.

"Bunge lina mizengwe," Bwana Mkoba akasema. "Likiachwa lizungumze, tutafika mwakani, na nchi haina mkuu wa ujasusi anayeeleweka. Unajua hatari yake? Mambo ya usalama hayasubiri kalamu nyekundu."

"Huenda ni kweli," akasema Bi Kidole, na alimaanisha. "Basi liandike hilo hapo pembeni kama jibu, utie sahihi. Swali likijibiwa, mimi kazi yangu imekwisha."

Bwana Mkoba akaitazama ile nafasi nyeupe kando ya swali. Hakutoa kalamu. Akamgeukia Mpiga Chapa Mkuu. "Mzee, hapa bosi ni nani? Si unaweza kuagiza tu?"

"Naweza," Mpiga Chapa Mkuu akasema taratibu.

"Anaweza kabisa," akaunga mkono Bi Kidole. "Akiagiza kwa maandishi, nitaambatanisha agizo na prufu, mafundi watachapa." Akasogeza karatasi tupu mezani, kwa heshima, kwa mikono miwili.

Bwana mkubwa akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa koti. Kumbe mtu anaweza kuongoza kiwanda cha chapa na siku hiyo asiwe na kalamu hata moja.

Hapo Bwana Mkoba akapata wazo, na uso ukamchangamka. "Hebu niambie. Huyu Mkuu aliyepo sasa aliteuliwa miaka mitano iliyopita. Notisi yake nayo ilikuwa na hiyo mistari yenu minne?"

"Ilikuwa nayo," akasema Bi Kidole bila kupepesa. "Niliisoma mwenyewe."

"Ilete basi."

"Nakuletea, bwana. Kunywa chai."

Alishuka ngazi akiwa mwepesi. Alikuwa na furaha kidogo, tuseme ukweli. Kuna raha yake mtu kukuuliza kitu na jibu likawa rafuni. Chumba cha kumbukumbu kiko mwisho wa ukumbi, karibu na ghala la karatasi. Ndani ni magazeti ya miaka yote, yamejalidiwa majuzuu mazito yenye vumbi mgongoni, kila ukurasa ukiwa na herufi za wasomaji pale chini. Kasuku alimfuata amshikie ngazi. Akalivuta juzuu la mwaka ule, akalilaza juu ya meza, akafunua mpaka mwezi, mpaka Ijumaa, mpaka notisi. Kidole kikatelemka. Jina. Tarehe. Kifungu.

Kikagota kwenye sahihi ya Rais.

Akahesabu tena. Mistari ilikuwa mitatu. Na chini, mahali pa herufi za wasomaji wawili, palikuwa na herufi zake yeye, mara mbili.

"Ni wiki niliyovunjika mguu," Kasuku akanong'ona. Wala hakutaja nukta.

Ndiyo. Wiki ile Kasuku alikuwa hospitali, na Bi Kidole alisoma peke yake. Alisoma kwa sauti na kujisikiliza mwenyewe. Asiyeijua kazi hii ataona hilo si kitu; anayeijua atakwambia hapo ndipo shimo lilipo. Sikio la mtu mwingine husikia kilichosomwa. Sikio lako mwenyewe husikia unachokijua. Mfano wa notisi ile alikuwa nao moyoni kama sala, na siku ile buku hakulishusha. Mdomo ulipofika mstari wa tatu uliendelea wenyewe mpaka wa nne, sikio likausikia, kalamu ikatia alama. Alikuwa ameusikia vizuri sana mstari ambao haukuwepo. Akakumbuka na jingine: mwezi ule Bunge lilikuwa likizo. Azimio halikuwepo kabisa. Aliyekuwa akiitwa Mkuu halali miaka mitano, akikamata na kuachia watu, alipitia kwenye ufa ulioachwa na mdomo wake yeye.

Akaketi juu ya robota la karatasi. Saa ilikuwa sita na nusu. Mtambo huwashwa saa nane.

"Dada," Kasuku akasema, "sikiliza. Vuta juzuu la kabla ya hili. La mkuu aliyetangulia. Lile lina mistari minne, nakuapia, tulilisoma wote. Mpelekee lile. Useme huo ndio mfano. Yule kijana hajui juzuu hili na lile. Hatauliza."

"Kaniuliza la huyu aliyepo."

"Mwambie linajalidiwa upya! Jumatatu si mbali. Ukisha kukaa kwenye kiti, tutalirekebisha polepole, kimyakimya." Akamsogelea. "Miaka thelathini na mmoja, dada. Usiitupe kwa Ijumaa moja."

Usidhani hakulifikiria. Alilifikiria mpaka mwisho wake. Alikiona kiti, mikono yake, dirisha. Aliwaona wasomaji wapya wamezunguka, naye akiwafundisha kuweka kidole. Halafu akajiuliza atawaambia nini wakimwuliza habari za kusoma peke yako, kama inafaa au haifai. Na kule juu alikwisha sema, kwa mdomo wake, mbele ya watu wawili, "Niliisoma mwenyewe." Akipeleka juzuu jingine, swali lake jekundu litabaki kuwa la kweli, lakini yeye aliyeliuliza atakuwa mwongo, na kuanzia hapo hajui lini mtu atavuta uzi.

"Mficha uchi hazai," akasema, akainuka, akajipangusa vumbi. "Lete yote mawili."

Alipoyafungua mezani kwa Mpiga Chapa Mkuu, kidole kimoja kwenye mistari minne na kingine kwenye mitatu, Bwana Mkoba alihitaji muda kidogo kuelewa. Kisha akacheka, akacheka kweli, mpaka akaegemea kiti.

"Nyani haoni kundule!"

"Kaliona leo, bwana," akasema Bi Kidole. "Na kalileta mwenyewe mezani."

"Basi yamekwisha. Ulipitisha ile, pitisha na hii. Haki sawa kwa wote."

"Kosa langu si sheria ya nchi."

"Lakini limesimama miaka mitano!"

"Limesimama kwa kuwa hakuna aliyelifungua. Leo limefunguliwa." Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Akasema kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Tazama, mwanangu. Wewe unataka mtu wenu akae imara. Nikipitisha hii, atakaa kama alivyokaa huyu. Kesho yule asiyempenda atakuja hapa, ataomba juzuu, atahesabu mistari. Kila jalada atakalotia sahihi, mahakamani watauliza aliyetia ni nani. Unataka mkuu wenu wa ujasusi akalie kuti kavu, na kuti lenyewe nililikausha mimi?"

Bwana Mkoba aliacha kucheka. Akaichukua simu yake, akatoka ukumbini. Walimsikia akisema, "Ndiyo, mheshimiwa... Hapana, mheshimiwa... Minne, mheshimiwa."

Hajarudi, simu ya mezani ikalia. Mpiga Chapa Mkuu akasikiliza, akafunika mdomo wa simu. "Ni ofisi ya Mkuu wa Ujasusi. Huyu wa zamani. Wanakutaka wewe." Jinsi walivyopata habari ndani ya robo saa, sijui, lakini hiyo ndiyo kazi yao.

Sauti upande wa pili ilikuwa nzito, yenye adabu. Ilimshukuru. Ilisema amekuwa ngao ya katiba, na kwamba mtu kama yeye hasahauliwi. Kisha ikashuka kidogo: lile juzuu la miaka mitano halihusiani na mjadala wa leo, lingerudishwa tu rafuni.

"Liko wazi mezani, bwana," akasema Bi Kidole.

"Lifunge, mama."

"Nikilifunga mistari haiongezeki."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Hapo ndipo sote tunapokwama leo," akasema taratibu. "Kitabu hakisemi."

Akaweka simu chini. Akachukua karatasi ndogo na kalamu nyekundu, akaandika swali la pili, neno kwa neno kama la kwanza, akalichomeka kwenye juzuu penye herufi zake: *Azimio la Bunge ni namba ngapi, la tarehe gani?* Hivyo pande zote mbili zikawa zimeulizwa kitu kimoja, na siku hiyo upande hata mmoja haukuwa na jibu.

Saa nane mtambo ukawashwa. Sakafu ikatetemeka kama kawaida. Nafasi ya notisi mia tatu na kumi na mbili ilijazwa na tangazo la bwana mmoja aliyepoteza hati ya kiwanja. Bwana Mkoba alisimama mlangoni akitazama karatasi zikishuka, mkoba kwapani. Alipoondoka alimpa Bi Kidole mkono, na hakuna aliyejua alimaanisha nini.

Jumatatu barua zikatoka, na zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikipeleka kiti cha Msomaji Mkuu kwa bwana wa chumba cha ramani, mtu mwema asiyejua kusoma kwa sauti bila kukohoa. Ya pili ilikuwa onyo. Ukurasa mweupe wa Daftari la Makosa ukafunguliwa uandikwe, na Bi Kidole hakumwachia mtu. Alimtolea Kasuku imla: notisi gani, mwaka gani, alisoma peke yake, mstari upi haukuwepo. Akamtaka amsomee tena. Kasuku akasoma, mkato kwa mkato, na mwisho hakuweza kuitamka nukta. Bi Kidole akaitamka mwenyewe. Siku hiyohiyo akaandika pendekezo kwamba mtu yeyote asisome peke yake tena, mwenzake awe anaumwa au ana msiba. Bwana wa ramani, haki yake apewe, alilitia sahihi kabla ya chai.

Ikulu ikalipeleka jina la mteule Bungeni, na habari ya lile juzuu nayo ikafika huko. Kulikuwa na kelele za wiki tatu. Wabunge wakapitisha kwanza sheria fupi ya kuhalalisha kazi zilizofanywa miaka ile mitano, nchi isije ikafumuka kama fulana. Kisha Mkuu wa zamani akaaga. Mteule wa Rais akahojiwa siku mbili, akatokwa jasho, akapita kwa tofauti ya kura nne. Ijumaa iliyofuata notisi ikaja kwa pikipiki, kama notisi nyingine. Jina. Tarehe. Kifungu. Azimio la Bunge namba kumi na tisa. Bi Kidole akaweka kidole, Kasuku akamaliza, wakatia herufi zao, ikashuka mtamboni.

Jumapili shemeji alikuja mchana, na hakungoja hata kukaribishwa.

"Sasa ulizuia nini?" akasema. "Si kaingia yuleyule? Jina lilelile, uso uleule!"

"Kaingia, shemeji. Lakini safari hii kabisha hodi."

"Hodi! Kwa hodi hiyo ndiyo umepoteza kiti?" Akavuta stuli, akapunguza sauti, na safari hii hakuwa akitania. "Hapana, niambie kweli. Swali la kwanza nimelielewa. Ulikuwa na haki, na ungeshinda nalo hata hivyo, maana sheria ilikuwa wazi. La pili je? Lile buku la zamani ungeliacha pale lilipo, Bunge lingeulizwa vilevile, kiti ungekikalia, na wale vijana wangepata mwalimu. Umejichoma wewe mwenyewe, na nchi haikukuomba."

Mumewe akanyanyua macho kutoka kwenye feni aliyokuwa akiifungua, akamtazama mkewe. Bi Kidole akasema kwamba hawezi kumjibu kwa haraka, na kwamba shemeji kauliza swali zuri, la kwanza zuri tangu astaafu. Wakacheka wote watatu, lakini swali halikuondoka.

Nawe uliyefuatana naye tangu langoni, unasemaje: lile swali jekundu la kwanza lingekuwa na uzito uleule, kama juzuu la miaka mitano lingebaki rafuni?